Khofu ya Kuachishwa Kazi: Je, ni Upungufu wa Imani?

 

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya darasa la Isha, kijana mmoja katika wanaohudhuria alibaki nyuma mpaka watu wakapungua, kisha akauliza suala. Kijana huyu alikuwa amemaliza masomo yake ya hesabu za biashara, na amepata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Aliandikwa kwa majaribio ya miezi sita, naye alikuwa katika mwezi wa nne. Akasema: "Maalim, mimi silali. Simu ikilia nadhani naitwa nifukuzwe. Nikikosea tarakimu moja, moyo hunipiga mpaka jioni. Nami husikia katika mawaidha kuwa mwenye kuogopea riziki hana imani. Je, mimi sina imani?"

Kisha akaongeza la pili kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililokuwa zito. Mkubwa wake alikuwa amemtaka aandike katika karatasi za forodha thamani ndogo kuliko thamani ya kweli ya mali, na karatasi hizo zilitakiwa Jumatatu. Mama yake na ndugu zake wawili walio skuli wanautazama mshahara wake.

Baadhi yetu tulimjibu upesi: "Mtegemee Mwenyezi Mungu, mwanangu, riziki haiko mkononi mwa mtu." Neno hilo ni la kweli, walakini tuliona usoni mwake kuwa halikumfikia. Alishukuru kwa adabu, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Basi maandishi haya ni jibu tunaloona tulikuwa na deni la kumpa, yeye na wenzake walio wengi katika mji huu.

Yatupasa kwanza tukiri kuwa khofu ya vijana wetu haikuzuka bure. Zamani aliyepata kazi ya ukarani au ya ualimu alihesabiwa kuwa amefika, na wazee wake walilala usingizi. Hali ya leo siyo hiyo. Mwaka 2019 ilipotoka amri kuwa mizigo ya bara ipakiwe katika reli mpya na kutolewa huko huko bara, ofisi nyingi za Mombasa zilipunguza watu, na watu wa mji wakaandamana. Amri ikaja kugeuzwa mwaka 2022, baada ya wengi kuwa wamekwisha tawanyika. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za ndege, mahoteli ya pwani yalifunga milango, na wapishi na makarani wakarudi majumbani mwao. Mwaka 2023 walimu wapya kwa maelfu waliandikwa katika shule za sekondari msingi kwa mkataba wa muda, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 wakagoma. Kijana aliyeyaona haya, naye ndiyo kwanza anaanza kazi, akiogopa hatuwezi kumwambia kuwa aogopa kivuli.

Tena tutazame katika Qurani jinsi Mwenyezi Mungu alivyotuelezea kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat al-Qasas. Musa alitoka Misri hali ya kuwa ana khofu, akitazama huku na huku. Qurani haikulificha hilo, wala haikumlaumu kwalo. Alifika katika maji ya Madyana naye hana nyumba, hana mali wala mtu amjuaye. Akawakuta wachunga wakinywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamesimama kando na kondoo zao kwa kuwa baba yao ni mzee. Akawanyweshea, wala hakuomba ujira. Kisha akaenda kivulini, akamwambia Mola wake kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Ndugu msomaji, zingatia mpango wa mambo hayo. Khofu ilikuwako, na haja ilikuwako, na juu ya hayo mkono wake ulifanya jema lililokuwa mbele yake, kisha ulimi wake ukaitaja haja yake kwa Mwenye kuweza kuiondoa. Basi ikiwa Nabii aliyesemezwa na Mola wake aliogopa, vipi tutamwambia karani wa miaka ishirini na minne kuwa kuogopa kwake ni kukosa imani? Khofu ni maumbile, kama njaa. Mtu halaumiwi kwa kuona njaa. Hulaumiwa akiiba kwa ajili yake.

Hapa ndipo lilipo suala lenyewe. Yafaa mtu ajiulize: "Khofu hii yanidai nini, nami nailipa nini?" Kwani khofu ni mdai asiyetosheka, na ukiilipa leo, kesho huja kudai zaidi. Twaona watu wakiilipa kwa njia nne.

Wa kwanza huilipa kwa uwongo. Huyu huambiwa abadili tarakimu naye akabadili, akijisemea kuwa ni mara hii moja tu, mpaka atakapothibitishwa kazini. Walakini mkubwa aliyekuthibitisha kwa sababu ya uwongo wako hatakuacha useme kweli baada yake. Umekwisha mwonyesha bei yako. Tena karatasi ile ina jina lako wewe, siyo jina lake. Na siku ya kukaguliwa wewe ndiwe utakayeulizwa.

Wa pili huilipa kwa kuficha makosa yake. Huyu amekosea kwa kutojua, jambo ambalo kila mwanagenzi hulikosea, akaona akikiri atafukuzwa. Basi huliziba kosa dogo kwa kosa kubwa, mpaka mambo yakaharibika pasipo kutengenezeka. Lau angelisema mapema, "Bwana, hapa nimekosea, nifundishe," huenda angekaripiwa nusu saa, yakaisha.

Wa tatu huilipa kwa kuwadhulumu walio chini yake. Hunyenyekea mbele ya mkubwa mpaka akacheka yasiyochekesha, kisha akigeuka humtukana mfagiaji na mpika chai, apate kuona kuwa naye ni mtu. Tena husengenya wenziwe ili yeye asalimike.

Wa nne, na huyu twamsikitikia zaidi, huilipa kwa mganga. Hupelekwa na shangazi yake au rafiki yake kupigiwa ramli, akaambiwa kuwa amefungwa na mwenziwe wa ofisini, akapewa hirizi ya kufunga katika mkono na kombe la kunywa siku saba, na mshahara wa nusu mwezi ukaishia huko. Akirudi kazini huwatazama wenziwe wote kama wachawi. Mtume (S.A.W.) ameyakataza mahirizi ya namna hiyo na kuyahesabu katika ushirikina. Na hata tukiliacha hilo kwa dakika moja, tutazame kwa akili: hirizi haimfundishi mtu kupiga hesabu wala haimwamshi alfajiri. Alikwenda kuondoa khofu moja, akarudi na mbili.

Basi kutegemea kwa Mwenyezi Mungu ni nini? Wengi wetu tumeligeuza neno hili likawa la kumnyamazishia mwenye shida. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwamrisha amfunge kisha ategemee. Alipotupigia mfano wa ndege ambao Mwenyezi Mungu huwaruzuku, alisema kuwa wao hutoka asubuhi matumbo yakiwa matupu na hurudi jioni yakiwa yamejaa. Wanavyuoni wakaonyesha kuwa ndege hao walitoka, hawakukaa chunguni wakingoja. Na imepokewa kuwa alifunza kwamba hapana nafsi itakayokufa mpaka itimize riziki yake, kwa hivyo watu waitafute kwa uzuri, wala kuchelewa kwake kusiwapeleke kuitafuta kwa kumuasi Mwenyezi Mungu. Hapa ndipo penye mpaka. Kutegemea hakuna maana ya kuwa moyo hautatetemeka. Maana yake ni kuwa mkono hautaifuata khofu katika haramu, wala hautalala ukaacha halali.

Turudi kwa Nabii Musa, kwani kisa chake kina mafundisho ya kazi ambayo mara nyingi twayapita. Yule binti aliposhauri baba yake amuajiri, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Sifa hizi ndizo mtaji wa kila anayeanza kazi. Nguvu ya mchunga ni mkono wake. Nguvu ya karani ni kuijua kazi yake. Anayeogopa kufukuzwa na ajifunze kila siku jambo moja ambalo jana hakulijua: sheria ya forodha, au kuandika barua iliyo sawa, au hesabu katika kompyuta. Elimu hiyo, hata akifukuzwa, hutoka nayo. Haibaki ofisini pamoja na kiti. Na uaminifu ni huo huo ambao khofu huutaka uuzwe. Mtu akiuuza ili apate kubaki kazini, ameuza nusu ya sifa iliyomfanya afae kuajiriwa.

Kisha tazama mapatano yao. Yule mzee alitaja muda: miaka minane, na ikitimia kumi ni hiari ya Musa. Alitaja ujira, naye akasema kuwa hataki kumtia katika mashaka. Musa naye akakariri masharti kwa ulimi wake, kuwa muda wowote katika hiyo miwili atakaoutimiza asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Huo ulikuwa mkataba wa muda, ndugu msomaji, nao haukumdhili Nabii. Jambo la aibu ni kuingia kazini usijue umeandikiwa nini. Vijana wetu wengi hutia saini barua ya ajira pasi na kuisoma, kwa kuona haya au kwa furaha. Yawapasa wajue kuwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Na kuwa muda wa majaribio usizidi miezi sita, wala usiongezwe ila kwa ridhaa ya mfanyakazi, na kuongezwa kwenyewe kusizidi miezi sita mingine. Na kuwa mwenye kuachishwa katika majaribio hupewa ilani ya siku saba kwa uchache, au malipo ya siku hizo. Haki hizi ni ndogo, lakini mwenye kuzijua huogopa kile kinachoogopesha tu. Asiyejua huogopa kila kitu.

Jambo la tatu ni deni. Anas (R.A.) alikuwa akimsikia Mtume (S.A.W.) mara kwa mara akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni, na kushindwa na uvivu, na woga na uchoyo, na uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu. Tazama jinsi mambo haya yalivyofuatana: hamu ni ya mwanzo, na deni limekaa ubavuni mwa kushindwa nguvu na watu. Na hivyo ndivyo ilivyo. Kijana anayepokea mshahara wa kwanza akanunua simu kwa mkopo, akakopa katika simu ile ile ili achangie arusi ya rafiki yake, amejifunga kamba mwenyewe kisha akampa mkubwa wake ncha ya kuvutia. Mwenye akiba ya miezi miwili ya chakula aweza kusema "hapana" kwa sauti ambayo mwenye deni hana. Basi kuweka akiba, hata shilingi mia kwa wiki, ni katika kuilinda dini.

Na la nne ni mashauri. Asikae peke yake na khofu yake usiku. Aswali istikhara, ambayo Mtume (S.A.W.) aliwafunza sahaba zake kama alivyowafunza sura za Qurani, kisha amwendee mtu mzima aliyeijua kazi hiyo amweleze. Na ikiwa kukosa usingizi kumezidi hata mwili umedhoofu, amwendee daktari. Wala hapana aibu, kwani moyo nao ni kiungo kinachougua.

Huenda akasema mtu: "Haya yote mwamwambia kijana. Je, nyinyi wazee mwajiambia nini?" Naye atakuwa amesema haki, wala hatutalikwepa suala lake.

Twamwambia kijana awe na subira, na papo hapo siku ya mshahara wake twamngoja mlangoni kumi. Twamtaka aoe, kisha twamtajia mahari na sherehe zisizolingana na kipato chake. Akiachishwa kazi twauliza, "Amefanya nini?" kabla hatujauliza, "Amekula nini?" Na walio waajiri miongoni mwetu, wenye maduka na maofisi na madrasa, ni wangapi wanaowaandikia watu wao mkataba? Ni wangapi wanaowalipa walimu wa madrasa kwa wakati? Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na ametufahamisha kuwa miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemwajiri mwenziwe, akapata kazi yake kamili, asimlipe. Vipi tutamwambia kijana asiogope watu, ilhali sisi ndio watu anaowaogopa?

Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina hana kitu, Mtume (S.A.W.) alimfunga udugu na Saad bin Rabii (R.A.), naye Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko, akaanza kwa kuuza samli na jibini. Sisi twapenda sana kusimulia nusu ya pili ya kisa hiki, ile ya Abdurrahman kwenda sokoni, na kuisahau ya kwanza. Lakini Abdurrahman alikwenda sokoni hali ya kuwa nyuma yake kuna Saad. Na Abu Yusuf, aliyekuja kuwa kadhi mkuu katika zama za Harun ar-Rashid, alikuwa mwanafunzi maskini. Husimuliwa kuwa mwalimu wake Abu Hanifa, aliyekuwa mfanya biashara ya nguo, ndiye aliyemkimu kwa mali yake mpaka akasimama. Basi kijana asiyekuwa na Saad wala Abu Hanifa nyuma yake, tukimtaka awe na moyo wa simba tumemtaka makubwa.

Hapa mjini kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliandika katika gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na katika Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani kuhusu elimu na kazi na kuacha mambo ya ovyo. Wengi wa wajukuu wa wale waliomsoma wamesoma, na wana shahada. Yaliyobaki ni kuwa na mfuko wa zaka unaojua mlango wa kijana aliyeachishwa kazi jana, na wazee wenye biashara watakaomwita kabla hajajileta.

Ama yule kijana aliyetuuliza, pengine msomaji angependa kujua khabari yake. Jumatatu ile alimwambia mkubwa wake kwa adabu kuwa ataandika thamani iliyo katika karatasi za muuzaji, wala hawezi kuandika nyingine. Hakupigiwa kelele. Faili lilichukuliwa likapewa mwingine. Miezi sita ilipotimia alipewa barua kuwa hakuhitajika tena, pamoja na malipo ya siku saba. Alikaa nyumbani miezi miwili, na katika miezi hiyo ada ya skuli ya mdogo wake ilichelewa, na mama yake aliuza cherehani yake. Haya twayaandika kama yalivyokuwa, ili asidhani mtu kuwa mwenye kufanya haki hulipwa papo kwa papo katika dunia. Baadaye wenye maduka watatu wa mtaani walimpa madaftari yao awatengenezee hesabu, na mmoja wao ni katika sisi tuliomjibu upesi usiku ule. Alikuwa na kazi ya kumpa tangu siku hiyo, asikumbuke. Anayoyapata sasa hayajafikia mshahara wake wa kwanza. Tulipomuuliza kuhusu usingizi, alisema kuwa bado huamka baadhi ya usiku akihesabu matumizi ya mwezi, lakini simu ikilia haimshtui tena.

Basi jibu la suala lake ni hili: Mwanangu, khofu yako haikuwa upungufu wa imani. Imani yako ilijulikana siku ya Jumatatu ile, pale khofu ilipodai na wewe usiilipe. Upungufu ulikuwa wetu sisi, tuliokupa neno la kweli kisha tukakuacha uende nalo peke yako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu riziki ya halali, na awape nguvu na uaminifu, na atukinge sote na hamu na uzito wa deni, na atujaalie tuwe wenye kusaidiana katika wema na ucha Mungu. Wa billahi t-tawfiq.